Lango Badala ya Ramani: Historia Fupi ya Milango ya Ajabu Katika Michezo ya Kusimulia

Kwenye kurasa hizi tumeshasoma historia za vita, za koo zetu, za safari ya ziwa. Leo naomba mnivumilie niandike historia ya mchezo. Ni mchezo wa Wamarekani, lakini ndani yake kuna kitu kimoja ambacho sisi watu wa kambi tunakijua vizuri kuliko wao waliokibuni: mlango ambao ukishaupita hujui kama utarudi.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana wazazi wameniuliza sana, na hata wafanyakazi wa mashirika wanaopita kituo chetu cha vijana Jumamosi wakakuta watu sita wamezunguka meza, hakuna karata, hakuna drafti, hakuna pesa, ila kelele zinafika barabarani. Mmoja ni msimulizi. Anasema: mmefika darajani, katikati amelala jitu, mnafanya nini? Wengine kila mmoja ana mhusika wake, huyu mpiga mishale, huyu mganga, huyu mwizi aliyetubu. Mmoja anajibu, "Mimi nanyata, napita pembeni." Haya, rusha dadu. Namba ikija kubwa umepita, ikija ndogo jitu limeamka. Ndo hivyo tu. Hadithi inaendelea mpaka giza liingie, na hakuna anayetangazwa mshindi.

Shida yote iko kwa msimulizi. Wachezaji wana ruhusa ya kuuliza chochote. Nyuma ya mlima ule kuna nini? Mfalme wa hapa anaitwa nani, na baba yake alikufaje? Watu wanakula nini? Nauli ya mtumbwi shilingi ngapi? Ukibabaika mara mbili tatu, wanaanza kucheka, na nchi uliyoibuni inabomoka kama ukuta wa tope masika. Ili usibabaike unatakiwa uwe umeichora dunia nzima kabla ya kukaa mezani: mito, miji, dini, bei, vita vya zamani. Nani ana muda huo? Mimi asubuhi niko kituoni, mchana kwenye foleni ya maji, jioni nasaidia watoto wa darasa la saba hesabu. Kwa hiyo nilipoanza kusoma historia ya mchezo huu, nilikuwa natafuta jambo moja tu: wenzetu wa zamani walikwepaje kazi ile? Nikakuta jibu lao kubwa ni lango. Unaweka mlango katikati ya pori. Upande wa pili ni nchi nyingine kabisa. Hulazimiki kuchora njia ya kufika huko, wala kueleza nani anapakana na nani. Unachora kile kinachoonekana mtu akitoa kichwa mlangoni, basi.

Mtu aliyeuchapisha mchezo huu wa kwanza anaitwa Gary Gygax, wa mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Mwaka 1970 alipoteza kazi yake kwenye bima, akawa anatengeneza viatu nyumbani. Fundi viatu kabisa, kama hawa wetu wa sokoni. Mwenzake Dave Arneson alisomea historia huko Minnesota, na ndiye aliyetangulia kuwachezesha rafiki zake katika nchi ya kubuni iitwayo Blackmoor, ambamo walishuka chini ya ngome kupambana na mazimwi. Gygax aliuona ule mchezo, ukamkaa moyoni, akaanzisha wa kwake mwaka 1972 na wachezaji wa kwanza wakiwa watoto wake wawili, Ernie na Elise. Mwaka 1974 wakatoa vijitabu vitatu ndani ya kisanduku kimoja: Dungeons & Dragons, nakala 1,000, dola 10 kila kimoja.

Kinachonifurahisha ni kwamba ndani ya vile vijitabu hamna dunia. Kuna kanuni, kuna majini na mazimwi, kuna bei ya panga na kamba. Nchi yenyewe hamna. Msimulizi aliambiwa achore mwenyewe mahandaki ya chini ya ardhi, na kwa pori la nje atafute ubao wa mchezo mwingine kabisa, Outdoor Survival, aazime ramani yake. Fundi viatu hakutaka kukufundisha kujenga dunia. Alikupa nyundo na misumari.

Na yeye mwenyewe hakujenga zaidi ya alichohitaji. Alikuwa na ngome moja, Greyhawk, na chini yake mahandaki yaliyopangana ghorofa kwa ghorofa, kila ukishuka hatari inaongezeka. Wachezaji walikuja usiku wengi, leo hawa kesho wale. Kijana mmoja, Rob Kuntz, alishuka na mhusika wake Robilar mpaka ghorofa ya mwisho kabisa. Sasa kule chini umpe nini mtu aliyemaliza kila kitu? Gygax alimtelezesha. Aliweka mteremko mmoja mrefu uliopenya ardhi yote na kumtoa upande wa pili wa dunia, kwenye nchi ya namna ya China. Wenzake wawili wakamfuata, nao wakateleza. Fikiria ni kazi kiasi gani aliyoikwepa yule mzee! Kati ya ngome yake na China ile kuna bahari na milima na falme ambazo hakuzichora hata kidogo, na hakuna mchezaji aliyeweza kumuuliza, kwa sababu walipita chini kwa chini.

Mchezaji mwingine, Don Kaye, rafiki yake wa tangu utoto, mhusika wake Murlynd alivuka akaingia Marekani ya zamani ya wachunga ng'ombe, akarudi na bastola kiunoni. Gygax hakutaka baruti katika nchi yake. Lakini rafiki ni rafiki, bastola zikahesabiwa kuwa uchawi. Baadaye, mwaka 1983, alichapisha vitabu viwili vya michezo ambamo wahusika wanatoka Greyhawk na kudumbukia ndani ya hadithi za Alice, zile za Mwingereza Lewis Carroll za mwaka 1865 na 1871. Hadithi hiyo ya kwanza Waswahili wanayo tangu 1940, iliitwa Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri upya mwaka 2015. Kwa hiyo kama una bibi aliyesoma shule ya misheni pwani enzi za mkoloni, pengine alipita shimo la sungura kabla ya wachezaji wa Gygax.

Niseme pia kwamba haikuwa lazima kufanya hivi. Kulikuwa na njia nyingine, na mtu wa njia hiyo aliishi jimbo la jirani. M. A. R. Barker alikuwa profesa wa lugha Minnesota. Dunia yake, Tékumel, aliianza tangu utotoni, na mwaka 1975 ilipochapishwa kama mchezo ilikuwa na lugha yake yenye sarufi, maandishi yake, miungu yake, vyeo, adabu za kumsalimu mkubwa na mdogo. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ila nimejaribu kuisimulia na vijana wetu, nikaishia kuwa mwalimu wa somo ambalo hakuna aliyeomba kulisoma. Dunia iliyokwisha kujengwa yote ina hasara hiyo: mgeni akiingia hakuna pa kuweka mkeka wake. Sisi hapa kila mtu ni mgeni.

Lango lenyewe Gygax hakulitunga. Kwenye kitabu chake cha msimulizi cha mwaka 1979 aliweka mwishoni orodha ya waandishi waliomfundisha, na nilipofuatilia baadhi yao, wakati mwingine kwa muhtasari tu kwenye simu maana vitabu vyenyewe nitavitoa wapi, nilishtuka. Malango yao yamejaa wakimbizi.

Sitii chumvi. Mwandishi Andre Norton, mwanamke aliyeandika kwa jina la kiume, alitoa Witch World mwaka 1963. Mtu wake mkuu ni Simon Tregarth, askari wa zamani wa vita vya pili, anayewindwa na wauaji mjini na siku zake zinahesabika. Anamtafuta daktari mmoja mwenye sifa ya kuwapoteza watu wasipatikane tena. Anampa pesa zake za mwisho. Daktari anamwonyesha jiwe la kale, ukikalia linakupima, kisha linafungua upande mwingine nchi inayokufaa. Anapita, na harudi. Wenzangu, huyo daktari tunamjua! Tunamjua kwa jina na kwa bei. Ni yule anayekuvusha usiku, tofauti ni kwamba wa kwetu alikuwa na mtumbwi, na nchi haikukupima kwanza.

Poul Anderson naye, Three Hearts and Three Lions: mtu wa Denmark anapigana na Wajerumani ufukweni ili mtu muhimu avushwe salama kwenda Sweden, anapigwa kichwani, anazinduka katika dunia nyingine. Na hata nje ya orodha ya Gygax iko hivyo hivyo. C. S. Lewis alitoa mwaka 1950 kile kitabu cha watoto wanne wanaoingia nchi ya Narnia kwa kupitia kabati la nguo. Watu wengi tumeona filamu yake kwenye kibanda cha video. Tunakumbuka simba. Tunasahau kwa nini watoto wale walikuwa kwenye nyumba ya mtu wasiyemjua: walihamishwa kutoka London kwa sababu ya mabomu. Septemba 1939 Uingereza iliwahamisha watoto kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, na Lewis mwenyewe alipokea wasichana wa shule nyumbani kwake, karibu na Oxford. Yaani kabati lile liko ndani ya nyumba ya kupokea wakimbizi.

Nikirudi nyuma zaidi nakuta jambo la namna hiyo hata kwa Ali Baba, ambaye kila mtoto wa Kiswahili anamjua, na pango lake linalofunguka kwa neno. Hadithi ile ilimfikia Mfaransa Galland mjini Paris mwaka 1709 kwa mdomo wa Hanna Diyab, kijana wa Aleppo, Syria, aliyekuwa mbali na kwao akitafuta maisha na kuahidiwa kazi. Galland akaandika, jina la msimulizi halikutiwa kitabuni. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Ninachotaka kusema ni hiki. Lango lilipokuwa kwenye vitabu lilikuwa mlango wa mtu anayekimbia. Lilipoingia mezani kwa Gygax na rafiki zake, wakawa wanalitumia kupunguza kazi na kuongeza furaha. Siwalaumu. Wao walikuwa Lake Geneva, kuna ziwa zuri, usiku wanalala kwao. Ila kuna kitu kilidondoka njiani.

Mwaka 1980 mambo mawili yalitokea. La kwanza, kampuni yao ilitoa mchezo uitwao Queen of the Demonweb Pits, ambamo mnaingia makao ya malkia wa buibui, na kwenye nyuzi zake kuna milango, na kila mlango unatoka kwenye dunia nyingine. Kila dunia imeelezwa kwa maneno machache, iliyobaki msimulizi amalizie. Hapo lango limekuwa chombo cha kazi waziwazi. La pili, Mei mwaka huo, kwenye jarida la Dragon, kijana wa Canada aitwaye Ed Greenwood aliandika makala nzima kuhusu malango na matumizi yake mchezoni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi na alifanya kazi maktaba. Makala yale wengi wamesahau, lakini kwangu ndo kiini cha historia hii, kwa sababu ya kilichofuata.

Greenwood alikuwa na nchi yake aliyoiandika tangu akiwa mtoto, kabla mchezo haujakuwepo. Aliipa jina la Forgotten Realms, yaani nchi zilizosahauliwa. Zilisahauliwa na nani? Na sisi, watu wa dunia hii. Wazo lake ni kwamba zamani kulikuwa na malango kati ya dunia yetu na ile, watu na viumbe wakapita huku na huku, ndiyo sababu sisi tuna hadithi za mazimwi. Kisha malango yakapotea, na upande wetu ukasahau. Mwaka 1987 kampuni ilichapisha nchi hiyo, na ikawa maarufu kuliko Greyhawk ya Gygax mwenyewe. Angalia ujanja wake: kwa wazo lile moja amepata ruhusa ya kuleta chochote. Ukitaka watu wanaofanana na Wamisri wa kale, ni kwamba waliletwa huku kupitia lango, wakakwama. Huhitaji kueleza zaidi. Na papo hapo, bila shaka hakuwa akitufikiria sisi, amerudisha kile kilichodondoka. Nchi yake imejaa watu walioingia kwa mlango uliofungwa nyuma yao, na wajukuu wao wanaimba nyimbo za mahali wasipopajua.

Sasa nifike Sigil. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1994 David Cook alitengeneza kwa kampuni ile ile mchezo uitwao Planescape. Badala ya kuweka lango pembeni ya dunia, aliweka malango katikati na kujenga mji wote juu yake. Mji ni Sigil. Umejikunja kama ndani ya tairi, ukiinua macho unaona mapaa ya wenzako juu ya kichwa chako, hakuna jua wala upeo wa macho. Wanauita Mji wa Milango, maana uwazi wowote, mlango, dirisha, upenyo kati ya vibanda viwili, unaweza kuwa lango la kwenda dunia nyingine. Lakini kila lango lina ufunguo wake, na ufunguo si lazima uwe chuma. Unaweza kuwa mfupa, ua kavu, neno, hata wimbo wa kunung'unika. Usipokuwa nao, ule ni mlango wa kawaida, unapita unajikuta jikoni kwa mtu.

Hakuna njia nyingine ya kuingia wala kutoka. Huwezi kutembea ukaondoka. Wenyeji kwa hiyo wana jina lao la mtaani: wanauita Kizimba. Mjini wamejazana watu wa kila dunia, malaika kapanga chumba jirani na shetani, kila kundi lina falsafa yake na ofisi yake, na kuna mtaa wa mabanda wa maskini ambao hakuna anayeuangalia. Juu ya wote yuko Bibi mmoja asiyesema neno. Yeye ndiye mwenye malango. Hupeleki ombi kwake, hakuna dirisha la kuulizia, na anaweza kulifunga lango bila kutoa sababu.

Nilisoma haya usiku, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Nilicheka peke yangu mpaka mdogo wangu akaamka.

Sisi wa Nyarugusu hatuhitaji kufafanuliwa mji ambao hutoki bila ufunguo. Kibali cha kutoka ni karatasi, ina tarehe, na ikiisha muda wake imekuwa karatasi tu. Nilipowaeleza vijana habari za Sigil hawakuniuliza hata swali moja kuhusu jinsi mji unavyoonekana. Waliuliza: foleni inaanzia wapi? Majina yanabandikwa siku gani? Mtu akifika mlangoni akaambiwa faili lake halipo, anarudi kwa nani? Sikubuni kitu. Wao ndio walioujenga mji huo mezani kwa jioni moja, kuanzia mtu wa mhuri mpaka mama anayewauzia maandazi waliosimama. Kama lengo la lango ni kumpunguzia msimulizi kazi ya kujenga dunia, basi hakuna aliyewahi kupunguziwa kama mimi.

Kuna mgeni mmoja wa shirika, mtu mwema, aliketi nasi saa nzima, mwishoni akanishauri pembeni niondoe walinzi na foleni. Alisema mchezo uwe mahali pa kupumzika, wapate angalau milango iliyo wazi. Nimelifikiria sana neno lake. Nadhani amekosea, na nieleze kwa nini. Wiki moja niliweka lango lililo wazi, bila mlinzi. Wahusika watano wakasimama mbele yake na hakuna aliyepita. Walikaa nusu saa wakibishana ni mtego wa nani. Mmoja akasema kitu cha bure kinachong'aa hivyo ndicho kilichomchukua kaka yake. Mlango wenye foleni waliuamini, kwa sababu foleni ina mtu wa kuuliza, ina zamu, na ukiwa na akili unaweza kumshinda mlinzi kwa maneno. Na wanamshinda! Binti mmoja mkimya, ambaye darasani haongei, alimwambia mlinzi wa Sigil hoja tano mfululizo, ya kwanza mpaka ya tano, na dadu haikuhitajika hata kurushwa. Mwezi uliofuata alisimama kwenye mkutano wa wazazi akauliza habari za madawati.

Kuhusu dadu, niwaambie wale wanaosema mchezo huu ni wa matajiri. Dadu ya pande ishirini hatuna. Tuna kikombe cha plastiki chenye vipande ishirini vya karatasi, namba moja mpaka ishirini, unachomoa, unasoma, unarudisha. Mwaka 1979 dadu ziliadimika Marekani, na ile kampuni ikauza visanduku vya wanaoanza vikiwa na vipande vya karatasi vyenye namba vya kukata na kutia kwenye kikombe. Kwa hiyo tunacheza kwa desturi halisi ya zamani. Na kanuni za msingi zinapatikana bure kwenye mtandao, kihalali. Toleo lake moja lilitolewa Januari 2023 kwa leseni inayoruhusu mtu yeyote kulitumia na kulitafsiri. Tunalitafsiri kidogo kidogo kwenye daftari la mraba.

Wazee wa makanisa nao wana hofu yao, nayo siidharau. Wamesikia majini na uchawi. Huko Marekani miaka ya 1980 kulikuwa na kampeni kubwa dhidi ya mchezo huu kwa sababu hizo hizo, wazazi waliupinga, ukatajwa kwenye televisheni kama njia ya kuzimu. Kwetu jambo hilo nimelimaliza kwa kumwalika mzee mmoja akae meza moja nasi. Alikaa, akasikiliza, kisha akalalamika kwamba yule mganga wetu wa mchezoni hajui dawa hata moja ya kweli. Sasa ndiye anayetupa majina ya miti.

Mpaka hapa nimesifu lango. Lina ubaya wake, na Wamarekani walishaliona. Ukiwa na mlango wa kwenda kila mahali, hakuna mahali panapokuwa na uzito. Wachezaji wakikorofishana na mfalme wa huku, wanahamia kule. Deni, kisasi, ndoa, vyote vinabaki upande ule. Kijiji walichoahidi kukilinda wanakiacha kinaungua. Msimulizi aliyekwepa kuchora barabara anajikuta ana vijidunia kumi na mbili, kila kimoja kina mtaa mmoja na duka moja. Nimeliona pia nje ya mchezo, na hili nalisema kwa vijana wenzangu kwa upole. Kuna mtu amesubiri nchi ya tatu miaka tisa. Hapandi mti kwa sababu ataondoka. Hajifunzi ushonaji kwa sababu kule watamfundisha upya. Anaishi kizingitini, na kizingiti hakina paa.

Kwa hiyo tulikaa tukatunga kanuni zetu, ambazo hazimo kwenye kitabu cha mtu yeyote. Ya kwanza: lango likipitwa linamdai kitu aliyepita, na kitu hicho kinaandikwa daftarini, mmoja alitoa jina la kijiji chake, na mpaka leo mhusika wake hawezi kulitamka. Ya pili: upande wa pili wa kila lango unachorwa na mchezaji, si mimi. Ndivyo tulivyopata ziwa lisilo na ng'ambo, limetoka kwa kijana ambaye bibi yake ni wa Fizi, na mji wa kwenye kichuguu, na nchi ambayo watu wanalipana kwa vitendawili. Kila moja haizidi ukurasa mmoja. Zikiunganishwa ni dunia kubwa kuliko ambayo ningeijenga peke yangu kwa miaka mitano.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyobishaniwa sana. Kundi letu halikai. Tangu tuanze, wengine wamerejea Burundi, wengine wamekwenda nchi ya tatu, mmoja alitoka asubuhi na hatujapata habari zake. Kwenye vitabu vya Wamarekani mchezaji akiondoka, mhusika wake anaweza kuuawa au kusahaulika. Vijana walikataa. Wakaamua kwamba anayeondoka, mhusika wake amepita lango, kwa jina na kwa tarehe, na mwenzake mmoja lazima awe alimsindikiza mpaka mlangoni. Mali yake inagawanywa isipokuwa nyumba. Nyumba haigusi mtu, wala mimi siruhusiwi kuweka ndani yake jini wala hazina wala mpangaji. Kwenye ramani yetu, ambayo sasa ni karatasi nne za manila zilizounganishwa kwa gundi, nyumba hizo tunazizungushia kalamu nyekundu. Ziko saba. Ya mvuvi iko ukingoni mwa ziwa, na wiki iliyopita mgeni aliyefika kambini siku tatu tu aliuliza kama anaruhusiwa kujenga jirani nayo. Walipiga kura, akakubaliwa, kwa sharti kwamba awe anafagia uwanja wote wa mbele, wake na wa mvuvi.